Karatasi yangu haikuwa majibu yake

Swali la wiki hii: "Umewezaje kumshawishi mwenza wako akapime magonjwa ya zinaa?" Mimi nilishindwa mara tatu kwanza.

Nilianza kliniki ya mimba yangu ya kwanza. Nikatobolewa kidole, nikapimwa VVU na kaswende. VVU sina, kaswende ninayo. Sikuwa na kidonda wala upele. Nesi akanieleza kwamba kidonda cha mwanzo cha kaswende hakiumi na hupona chenyewe, huku ugonjwa ukibaki mwilini. Nikachomwa penisilini, nikapewa kikaratasi cha kumwita mwenzangu.

Usiku nilikiweka chini ya chupa ya chai. Asubuhi nikakikuta pale pale, kimelowa duara la chai. "Si umeshatibiwa?" akasema. Kesho yake nikamuuliza ameutoa wapi, tukagombana mpaka jirani akasikia. Mara ya tatu nilimtuma kaka yake, na hilo nalijutia hadi leo. Siri ya chumbani niliitoa nje kabla mwenyewe hajaimeza.

Kilichomtoa ni pale nilipoacha kutafuta nani kaleta. Nilimwambia: "Mume wangu, sindano yangu hainikingi. Usipotibiwa na wewe, unaniambukiza tena, na mtoto anaweza kufia tumboni. Jumatatu nakwenda kliniki, twende wote." Hakujibu. Jumatatu nikamkuta anapiga pasi shati.

Kwenye benchi tulikuwa akina mama watupu na yeye peke yake. Alikaa amefumbata funguo za nyumba, jasho linamtoka. Majibu yake yakawa kama yangu, akaanza sindano siku hiyo hiyo.

Wanaume wengi hupimwa kwa karatasi ya mke: mama watoto yuko salama, basi na mimi. Si kweli, hata kwa VVU. Mmoja anaweza kuwa navyo na mwenzake asiwe navyo. Anayeona haya kwenda kituoni, tangu 2019 sheria yetu Tanzania inaruhusu mtu kujipima VVU mwenyewe. Lakini kipimo hicho hakionyeshi kisonono, klamidia wala kaswende. Kwa hiyo mkifika kituoni tajeni yote, msiseme "kupima" tu mkaishia kwenye VVU. Na kama mmepata hatari wiki chache zilizopita, rudieni cha VVU baada ya miezi mitatu.

Mdogo wangu anaolewa mwakani. Nimeshamwambia waende kabla ya kuchapa kadi, na kama mwenzake atasita, nitawasindikiza.