Kabla ya Kuunganisha Taarifa za Usalama, Linganisha Saa

Kwa miaka sita nimesimamia usalama wa malori yanayobeba shehena kutoka Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, hadi Elegu, mpakani mwa Uganda na Sudan Kusini, kupitia Mbale, Soroti, Lira na Gulu, na kosa lililonifunza zaidi lilihusu saa.

Usiku mmoja mafuta yaliibwa katika lori letu lililoegeshwa yadi moja ya Lira. Kifaa cha kufuatilia lori kilionyesha mafuta yakishuka ghafla saa 23:10, daftari la mlinzi lilitaja boda boda iliyoingia saa 2:10, naye dereva akaniambia alisikia mlio wa pikipiki saa nane na dakika kumi. Nilizichukua kuwa nyakati tatu tofauti, nikaamini dereva ananidanganya, nikamsimamisha kazi. Kumbe kifaa kilihesabu saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3, mlinzi aliandika saa za Kizungu, na dereva alitaja saa za Kiswahili: ilikuwa dakika ile ile moja. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, na hadi leo zinaniuma siku nne alizokaa nyumbani kwa kosa langu.

Kwa hiyo geuza saa zote ziwe za aina moja kabla ya kulinganisha chochote, na uandike kando kando tukio lilipotokea na lilipokufikia.

Kisha tafuta chimbuko la kila habari. Madereva watano waliponipigia simu kuhusu wanyang'anyi kati ya Lira na Kamdini, nilimuuliza kila mmoja kama ameona kwa macho yake. Wote walikuwa wamesikiliza ujumbe mmoja wa sauti uliosambazwa kwa WhatsApp, basi nikauhesabu kuwa chanzo kimoja. Niliyazuia malori pale tu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aliposema ameyaona magogo barabarani, na ramani ya vifaa vya kufuatilia malori ikaonyesha malori yetu mawili yamesimama mahali hapo hapo.

Wachambuzi wa ujasusi humpima mtoa habari kwa herufi A hadi F, na habari yenyewe kwa namba 1 hadi 6, kwa sababu mtu mwaminifu huweza kuleta uvumi. Nami hufanya hivyo, ila jina la mtoa habari huliweka katika daftari jingine linalofungiwa. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi, lakini hata bila sheria hiyo, mwenyekiti yule anaishi kijiji kimoja na watu anaowataja.