Ukipata nafasi ya kusoma utumishi wa umma Little Rock, ingia na kwenye nyaraka

Wanaoniuliza habari za Shule ya Utumishi wa Umma ya Clinton, pale Little Rock jimboni Arkansas, karibu wote huanza na ada na viza. Ni maswali ya haki, nami ya fedha nitayagusa mwishoni. Lakini tuanze na namna mahali penyewe palivyoanzishwa, kwa sababu ukishalijua hilo ndipo utajua barua yako umwandikie nani na muda wako uutumieje.

Eneo lile la kando ya Mto Arkansas lina wenyewe watatu. Maktaba ya rais wa zamani Bill Clinton, inayotunza nyaraka za utawala wake, iko chini ya serikali ya Marekani, kupitia idara yake ya nyaraka za taifa. Shule ni ya mfumo wa Chuo Kikuu cha Arkansas. Wa tatu ni taasisi ya Clinton, ambayo ndiyo iliyochangisha fedha za ujenzi, kiasi cha dola milioni 165. Nimeona vijana wetu wakiiandikia taasisi kuomba udahili, na wengine wakiwaandikia watunza nyaraka kuomba ufadhili. Barua za namna hiyo huzunguka hadi muda wa maombi unapita. Mambo ya masomo yapeleke ofisi ya udahili ya shule, ya nyaraka yapeleke maktaba.

Maktaba ilifunguliwa tarehe 18 Novemba 2004, mvua ikinyesha kweli kweli, na marais wengine watatu wakiwa jukwaani pamoja na Clinton: Carter, Bush mzee na Bush mwana aliyekuwa madarakani. Mkuu wa kwanza wa shule alikuwa David Pryor, aliyewahi kuwa gavana wa Arkansas na seneta, na wanafunzi wa kwanza waliingia 2005. Madarasa yaliwekwa ndani ya stesheni ya zamani ya reli ya Choctaw, jengo la matofali la 1899 ambalo lingeweza kabisa kubomolewa. Texas walikuwa wameshatangulia kuweka shule kando ya maktaba: ile ya Rais Lyndon Johnson kule Austin ilianza 1970, maktaba yake ikafuata 1971. Tofauti ya Little Rock ni kwamba kazi za uwandani zimo ndani ya shahada yenyewe, wala si nyongeza ya likizo.

Sasa nyaraka. Hapa naomba univumilie, maana ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza utajiri uliopo hatua chache kutoka darasani. Franklin Roosevelt ndiye aliyeanzisha utaratibu huu kule Hyde Park, jimbo la New York. Aliikabidhi serikali karatasi zake, na maktaba ikafunguliwa 1941 akiwa bado ni rais. Kwa miaka mingi baadaye kukabidhi kulibaki hiari ya rais mwenyewe. Baada ya mvutano juu ya kanda za sauti na karatasi za Rais Nixon, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 1978: nyaraka za kazi za rais ni mali ya umma, kuanzia kwa rais atakayeingia Januari 1981. Miaka 5 baada ya rais kuondoka, mtu yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Narudia, mtu yeyote. Hudaiwi uraia. Za Clinton zilianza kuombwa hivyo Januari 2006.

Kwa nini zituhusu sisi? Kwa sababu tumo ndani yake. Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 yalitokea Clinton akiwa madarakani, na sehemu ya nyaraka za Ikulu yake kuhusu Rwanda imeshafunguliwa kwa wasomaji. Balozi za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Agosti 2000 Clinton alikuja Arusha, wakati wa kutiwa saini mkataba wa amani ya Burundi ambao msuluhishi wake alikuwa Mandela, aliyempokea kijiti Mwalimu Nyerere. Mtu wa Bujumbura, Kigali au Arusha akiingia katika chumba kile cha kusomea, anasoma mambo ya nyumbani kwao.

Usiende bila kujiandaa. Pitia kwanza orodha za mafaili kwenye tovuti ya maktaba, kisha mwandikie mtunza nyaraka barua pepe ukitaja mada, miaka na majina ya ofisi. Ukimwambia "nataka habari za Afrika" hana pa kuanzia. Mwambie unataka mazungumzo ya amani ya Burundi, 1998 hadi 2000, upande wa Baraza la Usalama la Taifa la Marekani. Chumbani utaandika kwa penseli, kalamu ya wino hairuhusiwi. Mkoba unabaki nje. Unafungua faili moja kwa wakati mmoja, na karatasi hupaswi kuzipangua.

Mara nyingi mwanzoni mwa faili utakuta jedwali: aina ya hati, mada, tarehe, na alama ya sababu ya kuzuiwa. Hizo ni karatasi zilizoondolewa, na wengi hulifunua haraka wafike mbele. Wewe linakili lote. Linakuambia kwamba siku fulani barua fulani iliandikwa, hata kama hujaruhusiwa kuiona, na ukishakuwa na tarehe na mada unaweza kuomba hati hiyo ipitiwe upya. Kwangu mimi jedwali hilo lilinifunza utumishi wa umma kuliko mihadhara mingi. Serikali inayozuia karatasi inalazimika kuandika kwamba imeizuia, na kwa sababu gani.

Kwetu wapo wanaozungumzia kujenga maktaba za viongozi, na nawaunga mkono kwa moyo wote. Ushauri wangu ni kwamba waanze na sheria ya karatasi, mchoro wa jengo ufuate. Tanzania tayari ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya 2002 na ile ya kuwaenzi waasisi wa taifa ya 2004, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Kazi za uwandani nazo zina adabu yake. Kikundi chetu cha wanafunzi kilipangiwa mji mdogo katika eneo liitwalo Delta, mashariki mwa Arkansas, nchi ya pamba na mpunga. Tulikaa na wazee kwenye ukumbi wa kanisa, dodoso mkononi, na kabla hatujauliza lolote mama mmoja akatuuliza: "Haya majibu yetu yatabaki kwa nani?" Tukakubaliana pale pale kwamba nakala ya ripoti itakaa maktaba ya mji wao, na matokeo tutayasoma mbele yao kabla ya kuyapeleka shuleni. Ukipewa kikundi, hilo lizungumzeni siku ya kwanza.

Mradi wa nje ya Marekani, ambao nao ni sehemu ya kazi za uwandani, unaweza kuufanyia nyumbani. Kwa Tanzania, kama ni utafiti anza mapema na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kisha kuna barua za mkoa, wilaya na halmashauri, hadi kwa mtendaji wa kata, na kila meza ina muda wake. Chagua shirika linaloweza kukuandikia kwa aya moja linahitaji nini. Likishindwa kuandika aya hiyo, tafuta jingine.

Kuhusu fedha, kabla ya kulipia maombi iulize ofisi ya udahili mambo matatu: ufadhili wa wanafunzi wa kigeni, bima ya afya, na nani analipa nauli ya mradi wa nje. Waulize pia waliotangulia habari za usafiri, maana mikutano ya miji midogo huisha usiku, na mabasi ya Little Rock hayafiki huko.