Uliza Mkalimani: Mwalimu wa binti yangu amekamatwa, tumsaidieje?

SWALI

Shikamoo Mama Mkalimani. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, nakaa Portland, jimbo la Maine, na watoto wangu watatu. Wiki iliyopita mwalimu wa hesabu wa binti yangu alikwenda kuripoti ICE, idara ya uhamiaji inayokamata na kurudisha watu makwao, kama anavyoripoti kila mwaka. Hakurudi. Ni Mkongo mwenzetu, aliingia kwa viza mwaka 2016, akaomba hifadhi mapema, jaji akamkatalia, wakili aliyekuwa naye akakata rufaa. Mkewe yuko nyumbani na mtoto wa miaka minne.

Binti yangu alipofika hapa alikuwa anagawanya namba kwa mtindo wa kwetu: kigawanyo kulia, jibu chini yake. Hapa kigawanyo kiko kushoto na jibu linakaa juu. Kila daftari lilirudi na wino mwekundu. Mwalimu huyu alikaa naye, akachora mitindo yote miwili kwenye karatasi moja, akamwonyesha jibu ni lilelile. Toka siku ile mtoto akapenda shule. Sasa hataki kwenda.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu na lake. Huyu anasema tuandamane, yule tuchange dhamana, mwingine anamjua mtu anayejaza fomu kwa dola 3,000. Tuanzie wapi?

Mama wa Watatu, Portland

JIBU

Marahaba, mama. Poleni sana, na umpe pole mke wa mwalimu. Mimi si wakili. Nimekalimani kwenye mahakama za uhamiaji za hapa Marekani miaka kumi na tisa, nimekaa katikati ya jaji na watu wetu, na ninachokueleza ni kile nilichokiona kinafaa na kile nilichokiona kinaharibu.

Kabla ya kuandamana, mjue yuko wapi. Watu hukamatwa Maine leo, kesho kutwa wako Louisiana au Texas. Mwambie mkewe atafute namba ya A, ile herufi A yenye tarakimu nane au tisa. Ipo kwenye kadi ya kazi ya mumewe na kwenye barua zote za mahakama. Kwa namba hiyo na nchi aliyozaliwa mtampata kwenye ukurasa wa ICE wa kutafuta waliozuiliwa. Kama hamna namba, majina yaandikwe sawasawa na yalivyo kwenye makaratasi yake. Sisi tuna majina matatu manne na kila ofisi huyapanga inavyopenda, kwa hiyo jaribuni mpangilio wa viza, si ule mnaomwitia kanisani. Na mkichagua nchi, angalieni Kongo ziko mbili.

Halafu pigeni simu ya mahakama ya uhamiaji inayojibu yenyewe, 1-800-898-7180, muingize namba ileile. Itawaambia kama rufaa bado iko hai. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Rufaa dhidi ya hukumu ya jaji ikiwa bado iko mbele ya Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, wanaweza kumfunga lakini kisheria hawaruhusiwi kumpandisha ndege. Kama ilishakataliwa na barua ilikwenda kwa wakili wa zamani au kwenye anwani aliyohama, mambo ni mengine kabisa, na wakili anatakiwa kuomba zuio la kumsafirisha siku hiyohiyo, si baada ya Jumapili.

Huyo wa dola 3,000 muacheni. Nimeona faili nyingi zilizopita mikononi mwa watu wa namna hiyo: tarehe za kubuni, saini za watu ambao hawakuwahi kusomewa walichokisaini. Mahakama ya uhamiaji haimpi mtu wakili wa kulipiwa na serikali hata kama hana senti, kwa hiyo fedha za kwanza mtakazochanga ziende kwa wakili wa kweli. Pia yapo mashirika ambayo wafanyakazi wake wamekubaliwa na Wizara ya Sheria kusimamia kesi za uhamiaji; mfanyakazi huyo muombeni awaonyeshe hicho kibali, hatakasirika.

Dhamana. Ulivyonitajia viza nilishusha pumzi, na nitakueleza kwa nini. Septemba 2025 Bodi hiyohiyo iliamua kwamba waliovuka mpaka bila kukaguliwa hawana haki ya dhamana mbele ya jaji wa uhamiaji, na mawakili wanalipigania jambo hilo kwenye mahakama nyingine. Mwalimu alipita uwanja wa ndege, akagongewa muhuri. Mlango wake haujafungwa kwa namna ileile. Kisheria dhamana haipungui dola 1,500, na mara nyingi huwa juu sana ya hapo. Kesi ikiisha, kama alihudhuria kila alipoitwa, pesa hurudi. Lakini hurudi kwa jina moja tu, la aliyelipa. Nimewaona ndugu waliochanga kwa machozi wakanuniana miaka kwa sababu risiti ilikuwa na jina la mmoja. Andikeni kwenye karatasi nani katoa ngapi na zikirudi zitakwenda wapi, wote msaini. Na alipe mtu ambaye makaratasi yake hayana shaka.

Sasa barua, na hapa nakuomba usinisome harakaharaka.

Watu wetu wakiombwa barua ya kumtetea mtu wanaandika kama wanasoma wasifu wa marehemu: ni mtu mwema, mchapakazi, mcha Mungu. Barua arobaini, maneno yaleyale. Jaji wa dhamana anatafuta mambo mawili tu: huyu akitoka atamdhuru mtu? Na nikimwita, atakuja? Andikeni yanayojibu hayo. Jirani aseme nyumba ni ipi na wameishi hapo tangu mwaka gani. Aliyempeleka kuripoti kila mwaka aandike kwamba alimpeleka, na miaka aitaje. Mkuu wa shule aandike ameajiriwa lini na amekosa kazi siku ngapi. Wewe andika habari ya kugawanya.

Na kila mtu aandike alichokiona kwa macho yake. Kesi ya hifadhi ina maelezo ambayo mwalimu aliyatoa kwa kiapo, mwaka kwa mwaka, kijiji kwa kijiji. Ninyi hamkuyasoma. Mkiyagusa mtayapindua bila kujua.

Miaka mingi imepita lakini kijana mmoja wa Kivu Kusini sijamsahau. Fomu yake ilisema baba yake aliuawa mwaka 1998. Shangazi yake, kwa mapenzi tu, akaandika barua: baba yake hunipigia simu kila Jumapili kutoka Bukavu, analia. Wewe na mimi tumeshaelewa, huyo ni baba mdogo. Lakini aliyeitafsiri barua aliandika kwa Kiingereza neno la baba mzazi, na wakili wa serikali akasimama: baba yupi aliyekufa? Kijana akajibu kwa Kiswahili, “Baba ni baba.” Nikatafsiri hivyohivyo, maana kiapo changu ni kusema kilichosemwa, si kufafanua ukoo wa mtu. Kesi iliahirishwa miezi minane. Yule mtoto alikaa kizuizini miezi yote minane, na mimi nilikwenda nyumbani nikakaa garini nisiweze kushuka.

Kwa hiyo kwenye barua zenu msiandike baba kama ni baba mdogo, wala kaka kama ni mtoto wa mama mkubwa, wala mtoto wangu kama hukumzaa, hata kama moyoni ni mtoto wako kweli. Saa pia ziandikwe kwa hesabu ya Kizungu. Saa mbili usiku, yaani 8 pm, imeshageuzwa 2 am, saa nane yetu ya usiku, mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Atakayeandika Kiswahili au Kifaransa aandike lugha anayoiweza, kisha itafsiriwe, na mtafsiri aweke tamko na saini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi. Bila tamko hilo mahakama haiipokei. Barua zote zipite kwa wakili kwanza. Na asiyekuwa na makaratasi asiambatishe kitambulisho chake, wala asiende mahakamani kukaa nyuma. Atusaidie kwingine.

Maandamano siyakatai. Portland ni mji uliofungua ukumbi wa mpira wa kikapu wa Expo mwezi Juni 2019 kupokea mamia ya watu wetu na Waangola, wenyeji wakaleta chakula na mablanketi. Majirani hao bado wapo, na raia akipiga simu ofisi ya mbunge wake husikilizwa. Ila mbunge hawezi kuuliza habari za mtu bila fomu ya ridhaa yenye saini ya mhusika mwenyewe, basi hiyo fomu ipelekwe kizuizini mapema. Na kabla picha yake haijasambazwa, mke na wakili wakubali. Aliyakimbia mambo Kongo. Mnachokiweka WhatsApp asubuhi hapo, jioni kinasomwa Uvira, na huko ana ndugu.

Kuna na msaada usiopigwa picha. Kodi ya nyumba. Gari lililobaki kwenye maegesho ya ofisi ile, mtu akalitoe kabla halijavutwa. Mtoto wa miaka minne anahitaji wa kumpeleka chekechea mama yake akiwa na wakili. Gawaneni siku, mmoja Jumatatu, mmoja Jumanne, maana wiki ya kwanza watu hujaa sebuleni na wiki ya tano mama wa watu anapika peke yake.

Binti yako. Mwambie ukweli kwa kiasi chake: mwalimu amezuiliwa, hakuiba, watu wazima wanalishughulikia. Haki yake ya kusoma haitegemei makaratasi ya mtu yeyote. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi iliyotoka Texas, na shule haina haki ya kumkataa kwa sababu hiyo. Najua tangu Januari 2025 mwongozo uliokuwa unawazuia maofisa kuingia shuleni umeondolewa, na hofu yenu siyo ya kuzusha. Nenda muulize mkuu wa shule maofisa wakija shule itafanya nini, akujibu kabla mtoto hajarudi darasani.

Kisha kaa naye mezani. Mwache aandike mwenyewe, kwa mkono wake, siku mwalimu alipomfundisha kugawanya. Aweke jina lake la kwanza tu, bila picha yake. Na ile karatasi yenye mitindo miwili, kama bado ipo, usiikunje. Ipige picha, umpe wakili iwekwe nyuma ya barua.