Jambazi Wako Haogopi Kitu

Mwanangu,

Kurasa zako kumi na mbili zimenifikia. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Swali lako ni moja: mbona kila uliyempa mswada anakiri kwamba huyu kiongozi wa genge anatisha, lakini hakuna aliyecheka, ilhali wewe ulikusudia filamu ya kuchekesha? Sitakuzungusha. Jambazi wako haogopi kitu, na mtu asiyeogopa kitu hachekeshi.

Unaikumbuka The Ladykillers, ile filamu ya Uingereza ya 1955 tuliyoitazama ulipokuwa umevunjika mguu? Ulicheka mpaka ukaanza kulalamika kwamba mguu unauma. Na filamu ile ina maiti watano! Ilipokwisha ulininong'oneza, kama mtu anayetubu, kwamba karibu muda wote ulikuwa upande wa Profesa Marcus, kiongozi wa wale majambazi. Nilikuambia ulale. Jibu nililokunyima siku ile ndilo hili unalolitafuta leo.

Tazama anavyoingia. Kabla hatujauona uso wake, tunaona kivuli kikimfuata bibi kizee anayerudi nyumbani, kisha kikipita dirishani, kisha kikisimama mlangoni. Muziki unatutia baridi. Mlango unafunguliwa, tunamwona Alec Guinness, mwigizaji wa Profesa, kavaa meno ya bandia yanayotaka kutoka kinywani, na kwa sauti laini kabisa anaulizia vyumba vya kupanga. Hilo tu. Mtu aliyekuja kama mauti anaomba chumba. Wewe jambazi wako anaingia kwa kuvunja mlango kwa teke, kisha ukurasa mzima anatukana. Baada ya teke utampandisha wapi?

Halafu huo uongo wake. Anamwambia Bi. Wilberforce, yule bibi kizee mwenye nyumba, kwamba yeye na wenzake wanne ni wanamuziki, wanahitaji mahali pa mazoezi. Hakuna hata mmoja anayejua kupiga. Wanaweka santuri ya Boccherini, mtunzi wa muziki wa Kiitaliano wa zamani, wanajifungia chumbani kupanga wizi, na kila bibi anapobisha hodi kuwauliza kama wangependa chai, inabidi wakurupuke wakamate vyombo. Mmoja wao ni bondia wa zamani, pande la mtu, naye amekabidhiwa selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi. Hebu liweke jambo hilo mbele ya macho yako: majambazi watano wanaotaka kuiba pauni 60,000, na kinachowahangaisha ni chai.

Ndipo penye kiini, mwanangu. Profesa angeweza kumfokea yule bibi mara moja tu yakaisha. Lakini hawezi. Amejivika ungwana ili apate chumba, na sasa ungwana huo umemshika koo. Kila bibi anapoomba kitu kidogo, muungwana hawezi kukataa, na jambazi aliye ndani ya muungwana anasaga meno. Tunacheka kwa sababu tunaziona nafsi zote mbili kwa wakati mmoja.

Ulikuwa upande wake kwa sababu mpango ulikuwa wake, na mpango ulikuwa mzuri. Binadamu akiona kazi inafanywa kwa ustadi, roho yake huifuata hata kama kazi yenyewe ni wizi. Fedha zilizoporwa zinatiwa kwenye kasha, na anayetumwa kulichukua kituo cha reli cha King's Cross, London, ni bibi mwenyewe, kwa teksi, bila kujua amebeba nini. Nani atamshuku? Pale hata mimi nilikuwa mwizi. Sikutaka polisi wafike.

Mpango unakuja kuharibika kwa jambo la kipuuzi kabisa: sanduku la selo linabanwa na mlango, bondia analivuta kwa nguvu zake zote, linafunguka, noti zinamwagika mbele ya bibi. Polisi hawana habari. Na kabla genge halijapata nafasi ya kutoroka, marafiki zake bibi, vikongwe wenzake, wanawasili kunywa chai na kusikia muziki.

Baada ya hapo wanaamua auawe. Wanapiga kura kwa njiti za kiberiti, na anayeangukiwa na kura hawezi kutenda. Badala ya kummaliza bibi wanaanza kumalizana wao kwa wao, huku bibi amesinzia kitini. Angalia pia maiti zinavyoshughulikiwa. Nyumba iko juu ya mdomo wa handaki la reli. Kila mwili unaangushwa kwenye behewa la mizigo linalopita chini, moshi unafunika, garimoshi linakwenda zake. Mara ya kwanza unashtuka. Mara ya tatu unausubiri moshi. Mwongozaji, Alexander Mackendrick, hakai na maiti hata kidogo, wala hatuachii nafasi ya kulia. Wewe dereva aliyepigwa risasi ukurasa wa saba umemwacha anakoroma damu kwa nusu ukurasa. Nani atacheka baada ya hapo? Na kosa lake nini, kuchelewa?

Kidogo kuhusu adhabu, maana umeandika pembeni kwamba hujui kama jambazi wako akamatwe. Zamani zile waandishi hawakuwa na uhuru wa kuchagua sana. Marekani kulikuwa na kanuni ya maadili ya filamu, iliyosimamiwa kwa ukali tangu 1934 na kuondolewa 1968, na moja ya matakwa yake ilikuwa kwamba uhalifu usionekane unalipa. Wavivu walileta pingu dakika ya mwisho. Katika filamu hii polisi hawamkamati mtu yeyote. Profesa anabaki peke yake, ameshinda wote, na mkono wa ishara ya reli unashuka na kumgonga kichwani. Naye anaangukia behewani. Bibi anakwenda kituo cha polisi kurudisha fedha, askari wamezoea visa vyake, wanamwambia akae nazo. Adhabu imetoka ndani ya hadithi, haikuagizwa nje.

Jambo jingine ninalolipenda: filamu hii ya Kiingereza kupindukia iliandikwa na Mmarekani, William Rose, ambaye husimuliwa kwamba aliiota usingizini. Mackendrick naye alizaliwa Boston akakulia Glasgow. Nadhani mtu wa nje ndiye anayeona haraka kwamba adabu za wenyeji ni kamba. Aliyezaliwa ndani yake anadhani ni nguo.

Nisijifanye mjuzi sana. Nilipokuwa nahariri michezo ya redio niliwahi kuandika mkuu wa genge kama wako, ananguruma kama simba. Mwigizaji alikuwa na mafua siku ya kurekodi. Katikati ya tishio kubwa kabisa, "Nitakufuta duniani," akaomba radhi, akapenga kamasi, akaendelea, "wewe na ukoo wako." Studio nzima iliangua kicheko, fundi mitambo akalazimika kuvua vifaa vya masikioni. Mimi nikakasirika, nikaamuru kipande kile kifutwe na tukirudie. Tulikirudia vizuri sana. Hakuna anayekikumbuka.

Kwa hiyo kurasa za tatu na nne, zile za utoto wake wa taabu, zikate. Unamwombea msamaha kabla hajakosa, na mtazamaji akishamhurumia hatathubutu kumcheka. Hatujaambiwa lolote kuhusu utoto wa Profesa Marcus na hatukuwahi kuuliza. Mwache awe mbaya. Ila mtafutie kitu kimoja ambacho hawezi kukivunja mbele za watu. Sijui ni nini, mtu wako unamjua wewe. Huenda hawezi kuonekana hajui jambo. Huenda hawezi kukataa sifa. Kadiri kitakavyokuwa kidogo, ndivyo kitakavyombana vizuri.

Na tafadhali tazama tena ukurasa wa tisa. Kuna mzee jirani anayeketi dirishani, anamwuliza jambazi wako saa ngapi, basi, humrudishi tena. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Katika tuzo za filamu za Uingereza, ya mwigizaji bora wa kike wa nchi ile ilikwenda kwa Katie Johnson, yule bibi, akiwa amepita miaka 75, na nguvu yake katika filamu haiko kwenye kupandisha sauti. Mwisho Profesa mwenyewe anakiri kwamba hakuna mpango ambao ungeweza kumhesabu mtu kama bibi yule. Huyo mzee wako wa dirishani mpe jina, kisha mfanye abishe hodi.

Nasubiri kurasa mpya.

Mama yako