Foku imeanza kukwama na nguzo imefifia rangi: nimekosea wapi?

SWALI

Habari za kazi, fundi. Nina baiskeli ya milimani yenye foku ya upepo, ule uma wa mbele unaomeza mishtuko, niliyoinunua mpya mwaka mmoja na nusu uliopita. Naendesha mara tatu kwa wiki, kama saa mbili kila safari, kwenye njia za udongo na mawe. Kila nikirudi naiosha kwa mashine ya maji ya presha, kisha napulizia mafuta ya kopo kwenye nguzo zinazong'aa. Siku hizi foku haishuki kwenye vijiwe vidogo, inashuka nikigonga jiwe kubwa tu. Kuna duara jeusi la uchafu juu ya sili, na nyuma ya nguzo ya kulia rangi imefifia, mstari wa urefu wa kidole. Fundi mmoja amesema foku imekwisha. Nimeitunza baiskeli hii kuliko zote nilizowahi kuwa nazo. Nimekosea wapi, na bado inaokoleka?

JIBU

Salama, ndugu yangu. Mapenzi yako kwa baiskeli yanaonekana, ndiyo maana nataka nikujibu kwa kirefu. Umeeleza unavyoiosha na unavyoipulizia, lakini hukutaja hata mara moja kwamba foku iliwahi kufunguliwa. Kwa dalili zako, hapo ndipo ninapoanzia.

Foku ina nguzo mbili za juu, zile zinazong'aa, zinazoingia na kutoka ndani ya miguu ya chini. Ndani ya kila mguu kuna bushi mbili, yaani pete za kuteleza, moja karibu na mdomo na nyingine chini zaidi, na nguzo hutelezea juu yake. Mdomoni kuna sili ya kukwangua vumbi, na chini ya sili hiyo, kwenye foku nyingi, kuna pete ya sponji iliyolowa mafuta. Kila foku inaposhuka, mafuta yaliyo ndani ya mguu hurushwa juu, yakalowesha sponji na bushi. Sponji nayo huipaka nguzo inapopita. Mafuta yenyewe ni machache mno. Katika foku nyingi za kisasa za upepo hayafiki mililita 40 kwa mguu, na ziko zinazowekewa chini ya kijiko kimoja cha chakula. Haya ni tofauti na mafuta ya dampa, yaliyofungiwa kwenye mrija wake na yenye kazi ya kutawala mwendo wa foku. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili. Wakisikia foku "ina mafuta yake ndani", wanadhani yatadumu maisha yote.

Mafuta ya miguuni hayadumu. Hata sili nzuri huacha vumbi jembamba lipenye. Unyevu huingia, mengine huvuja kidogo kidogo, na yanayobaki hugeuka ya kijivu kama maji ya tope. Hapo bushi na nguzo zinasagana na uchafu katikati. Duara jeusi unaloliona juu ya sili ni mchanganyiko huohuo uliotoka nje.

Sasa tupige hesabu. Saa 6 kwa wiki, kwa wiki 78, ni saa 468. Kampuni ya foku ya RockShox, kwa foku zake nyingi, huelekeza miguu ya chini ifunguliwe, isafishwe na kuwekewa mafuta mapya kila baada ya saa 50. Kampuni nyingine, Fox, huelekeza huduma kamili kila saa 125 au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Kwa kipimo cha kwanza, foku yako ilitakiwa kufunguliwa mara tisa. Kwa kipimo cha pili, kilicho kipole zaidi, ni mara tatu. Kwa mwendo wako, saa 50 zinatimia kila baada ya wiki nane hivi. Waendeshaji wengi huhesabu miezi, na miezi peke yake haitoshi: baiskeli iliyoning'inizwa ukutani mwaka mzima na yako ya saa 6 kwa wiki haziwezi kuwa na ratiba moja. Bandika utepe chini ya kiti uandike saa zako pale.

Kuhusu kuosha, naomba uiache mashine ya presha leo hii. Maji yakisukumwa kwa nguvu kuelekea kwenye sili hupenya ndani yakibeba mchanga, na yakiingia hayana njia ya kutokea mpaka miguu ivuliwe. Maji ya kumwagika taratibu, sabuni laini na brashi vinatosha. Kisha futa nguzo kwa tambara safi, na usisahau nyuma ya nguzo pale karibu na sili, ambapo tope lililorushwa na tairi hukauka bila mtu kuliona. Tope kavu likibaki pale, safari inayofuata linaingizwa ndani kupitia sili.

Mafuta ya kopo yanaumiza kwa namna nyingine. Mengi ya aina hiyo yametengenezwa ili yapenye na kuyeyusha grisi, hivyo yanaiosha grisi ya sili ambayo ndiyo ilikuwa ikikulinda. Yakibaki juu ya nguzo yanashika vumbi. Foku hulainika kwa dakika chache, mwenyewe akaridhika, na ndani ukavu unaendelea. Nimefungua foku za namna hii nikakuta sponji kavu kabisa, ilhali nguzo zake kwa nje zinang'aa kama za dukani.

Tuje kwenye mstari uliofifia. Nguzo nyingi ni za alumini iliyopewa utando mgumu wa juu, na rangi unayoiona iko ndani ya utando huo. Mahali ulipofifia panaeleweka. Unapofunga breki au kugonga jiwe, gurudumu husukumwa nyuma, miguu ikajaribu kupinda, na bushi zikakandamiza nguzo upande wa mbele au wa nyuma. Mafuta yakikosekana, hapo ndipo panapoanza kulika. Safisha nguzo kwa spiriti, kisha pitisha ukucha polepole juu ya mstari ule, kwa urefu na kwa upana. Kama ukucha hauhisi chochote na rangi imepungua tu bila chuma cheupe kuonekana, foku yako haijaisha. Ifanyie huduma, piga picha ya mstari huo, na uulinganishe kila unapofungua. Kama chuma kimeshajitokeza na ukucha unakwama, utando umeisha pale, na hapo hata sili mpya italika haraka na kuvujisha. Kwa kuwa nguzo hukandamizwa kwa nguvu kiwandani ndani ya kichwa cha foku, kile kipande cha juu kinachoziunganisha, kwa kawaida hubadilishwa pamoja na kichwa hicho na shingo yake, na bei inaweza kukaribia ya foku nyingine. Mkwaruzo wa jiwe ulio juu kabisa, mahali ambapo sili haifiki, hauna madhara hayo.

Kabla ya kufungua, pima bushi. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, na weka kidole pale nguzo inapoingia kwenye sili, uhisi kama kuna mchezo, yaani kulegea. Kisha kihamishie kwenye beringi za shingo chini ya usukani, urudie. Foku nyingi zilizotangazwa kuwa zimekwisha bushi zilikuwa na beringi ya shingo iliyolegea tu. Mchezo mdogo sana kwenye bushi ni wa kawaida. Ukiusikia ukigonga kila unaposhika breki, bushi zibadilishwe, na kazi hiyo ina vifaa vyake maalumu. Usijaribu kwa nyundo na bomba.

Huduma ya miguu ya chini yenyewe unaweza kuifanya nyumbani ukiwa mtulivu. Andika kwanza kiasi cha upepo ulichokuwa nacho, kisha toa upepo wote. Usiguse boliti yoyote kabla ya hapo. Ondoa gurudumu na breki. Chini ya kila mguu kuna boliti au nati, na upande mmoja huwa na kitasa cha kurekebisha kasi ya kurudi ambacho hutolewa kwanza. Zilegeze mizunguko michache tu bila kuzitoa, kisha zigonge kwa nyundo ya mpira mpaka uhisi fimbo ya ndani imeachia. Ukigonga boliti iliyotolewa karibu yote utaharibu meno ya fimbo. Weka beseni, toa boliti, vuta miguu.

Yaangalie mafuta yanayotoka. Yakiwa meusi, sawa, ni uchafu wa kazi. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Ukiona chembe zinazometameta, kuna chuma kinacholiwa na itabidi utafute kinatoka wapi.

Safisha ndani ya miguu kwa spiriti na tambara lisilotoa nyuzi lililofungwa kwenye kijiti cha mbao, mpaka litoke safi. Usitumie chuma, bushi huchubuka upesi. Toa pete za sponji, zioshe au weka mpya, zilowe mafuta ya foku kabla ya kurudi. Paka grisi ya foku ndani ya mdomo wa sili, nyembamba. Grisi nzito ya beringi ya gurudumu haifai: inaikamata nguzo badala ya kuiachia. Rudisha miguu nusu tu, laza foku chali kidogo, mimina mafuta kupitia matundu ya chini kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako, kila mguu na kiasi chake, kwani mara nyingi pande mbili hazilingani. Usiongeze "kidogo kwa usalama", maana mafuta yakizidi hupunguza nafasi ya hewa miguuni na foku itagoma kufika mwisho. Weka washa mpya, kaza kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu. Boliti hizi hukazwa kidogo kuliko mkono wa fundi unavyopenda.

Wakati wa kurudisha gurudumu kuna jambo wengi hawalijui. Ukikaza ekseli huku miguu imevutwa ndani au kusukumwa nje, bushi zinakaa upande na foku inakwama hata ikiwa na mafuta mapya. Ingiza ekseli, pampu foku mara kadhaa ili miguu ijikalishe yenyewe, halafu kaza. Kama foku yako ina boliti ya kubana ekseli upande mmoja, hiyo ikazwe mwisho.

Jaza upepo kwa pampu ya foku, kidogo kidogo, ukiishusha mara chache katikati ili chumba cha juu na cha chini vilingane. Ukiwa umevaa vifaa vyako vyote, foku izame kwa uzito wako asilimia 15 hadi 25 ya mwendo wake. Ya milimita 120 izame kama milimita 24 ukichagua asilimia 20. Usishtuke ukirudisha pampu na kukuta kipimo kimepungua, kwani upepo fulani umeingia kwenye mpira wa pampu.

Dampa na chumba cha upepo vina ratiba yao, ndefu zaidi; RockShox kwa modeli zake nyingi za karibuni husema saa 200. Wewe umezipita mara mbili. Kama hujawahi kufungua dampa, mpelekee fundi wa foku afanye hiyo, wewe ubaki na miguu ya chini. Ukimpelekea, mwambie saa 468, mashine ya presha na mafuta ya kopo bila kuficha, na umwombe akuonyeshe mafuta yaliyotoka kabla hajayamwaga.