Maswali ya Wasomaji: Otomatiki Inayoshtuka Siku Moja Moja

Swali

Ndugu Mjibu Maswali,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Chumbageni jijini Tanga. Ninaendesha gari la Kijapani la mwaka 2002, injini ya lita 2, otomatiki ya gia nne, ambalo nilinunua likiwa limekwisha kutumika hapa nchini. Kwa miezi kadhaa sasa, likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili hushtuka kana kwamba limegongwa kwa nyuma, lakini si kila siku. Asubuhi ninapokwenda sokoni huwa halina neno. Tatizo hili nililibaini mara ya kwanza tulipokuwa tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto msibani, na tangu hapo hunipata zaidi mchana, gari likishapata moto. Taa ya injini haiwaki. Tena, nikitoa P (ya kuegesha) kuweka R (ya kurudi nyuma), gari zima hutikisika.

Fundi wa kwanza alichomoa waya wa betri, gari likatulia kidogo, kisha likarudia. Wa pili aliongeza oili ya giaboksi bila kuniambia ni ya aina gani. Wa tatu anasema giaboksi imekwisha, ninunue nyingine ya mtumba. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam amenisihi nisitoe hata shilingi kabla sijakuandikia. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Chumbageni
(Jina la msomaji na la gari lake tumeyahifadhi.)

Jibu

Mwalimu, shikamoo. Mwanao amekushauri vyema. Klachi za ndani ya giaboksi zikilika, dalili yake ya kwanza huwa ni kuteleza: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, mwendo hauongezeki, na hali huzidi kuwa mbaya wiki hadi wiki. Katika barua yako hakuna neno lolote la kuteleza. Unachoeleza ni gia kuingia kwa nguvu kupita kiasi, tena kwa vipindi, na mara nyingi jambo hilo hutokana na oili, umeme au injini yenyewe kabla ya kutokana na chuma kilichokwisha. Sisemi kwamba fundi wako wa tatu hawezi kuwa sahihi. Nasema ametoa hukumu kabla ya kusikiliza mashahidi.

Shahidi mkubwa tunaye tayari, nawe umemtaja bila kukusudia: joto. Hitilafu inayokuja na kuondoka huwa na masharti yake, na kazi ya kwanza ni kuyajua masharti hayo. Kwa hiyo kaa na daftari ndani ya gari, na kila linaposhtuka andika, ukishasimama, lilikuwa limetembea kwa muda gani, ilikuwa gia ipi kwenda ipi, ulikuwa umekanyaga mafuta kidogo au sana, kiyoyozi kilikuwa kimewashwa au la, na kama mvua ilikuwa imenyesha. Ukurasa mmoja wa namna hiyo utamsaidia fundi kuliko kumwambia kwamba gari linasumbua. Ndiyo sababu pia sikupendezwa na ile kazi ya betri. Katika magari mengi, kuchomoa betri hufuta misimbo ya hitilafu na yale ambayo kompyuta ya gari imejifunza kuhusu jinsi ya kuingiza gia, kwa hiyo mabadiliko yoyote unayoyaona baada ya hapo, yawe mazuri au mabaya, hayathibitishi kitu. Ni sawa na kufua nguo yenye damu kabla polisi hawajafika.

Sasa twende kwenye oili, maana ndiyo rahisi kupima na ndiyo iliyochezewa. Gari lako, kama ninavyolifahamu, lina kijiti cha kupimia. Liendeshe hadi lipate moto barabara; kwenda Pongwe na kurudi kunatosha. Lisimamishe mahali tambarare, vuta breki ya mkono, iache injini iungurume, na huku umekanyaga breki upitishe mkono wa gia polepole kutoka P hadi L na kuurudisha P. Kisha chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kirudishe hadi mwisho, ukichomoe tena. Oili isome ndani ya alama zilizoandikwa HOT. Wasomaji wengine wasiige utaratibu huu bila kusoma kitabu cha gari lao, kwa sababu Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imetoka tu kuzimwa, na yapo magari mengi yasiyo na kijiti kabisa, ambayo hupimwa kwa kufungua boliti maalumu oili ikiwa katika joto lililopangwa.

Ukishajua kiasi, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ulisubiri. Oili nzima ni nyekundu au ya hudhurungi nyepesi, na tone lake hutanuka likiwa jepesi na safi. Iliyochoka huacha duara jeusi katikati lisilotaka kusambaa, na ukiinusa ina harufu ya kuungua. Ukihisi chengachenga za chuma kati ya vidole, hapo fundi wa tatu anaanza kupata hoja. Na ikiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa waridi, usiliendeshe tena gari hilo, kwa kuwa maji ya rejeta yamekwisha kuchanganyika na oili.

Kumbuka kwamba giaboksi haichomi oili kama injini iliyochoka. Ikipungua, imevuja, na pa kuvujia patafutwe. Lakini kwako nina wasiwasi wa upande wa pili pia. Fundi aliyeongeza bila kukuambia aina huenda hakupima vilevile, na oili ikizidi huchapwa na sehemu zinazozunguka hadi ikatoa povu, povu hilo likaharibu shinikizo linaloingiza gia. Ni kweli kwamba mshtuko ulianza kabla hajaongeza, kwa hiyo yeye si chanzo. Ila sasa tuna mambo mawili pale palipokuwa na moja. Aina nayo ina uzito wake. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziliandikiwa oili ya aina ya T-IV, za baadaye WS, na Nissan na Honda wana zao. Zote zinaweza kuwa nyekundu, na wekundu si kigezo.

Kwa kuwa hujui kilichomo, ningemwaga na kujaza upya kwa oili iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Boliti ya chini hutoa sehemu tu, kwa kawaida lita 3 hadi 4, na iliyobaki hukaa katika tokikonveta (kifaa kinachounganisha injini na giaboksi kwa oili) na njia zake. Kwa hiyo endesha siku kadhaa, umwage tena, ujaze tena. Usikubali kusukumiwa oili kwa mashine ya shinikizo. Najua ipo imani iliyoenea gereji kwamba kubadili oili ya zamani huua giaboksi. Giaboksi zinazokufa baada ya kubadilishiwa oili kwa kawaida zilipelekwa huko zikiwa tayari zinateleza, na yako haitelezi.

Kutikisika unapoweka R ni jambo ninalolitenga na mshtuko wa gia ya pili, kwa sababu huenda ni ugonjwa mwingine kabisa. Fungua boneti, mtu akae ndani akanyage breki kwa nguvu, ahamishe mkono wa gia kutoka R kwenda D na kurudi, nawe utazame injini ukiwa umesimama ubavuni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Injini ikiruka kama inayotaka kutoka mahali pake, mauntingi, yaani vishikizo vya mpira vya injini, zimekatika. Kisha tazama silensa, yaani kasi ya injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta: injini ya namna yako ikiwa ya moto hukaa karibu na mizunguko 700 kwa dakika, na ikikutwa kwenye 1,200, hata giaboksi mpya itaingiza R kwa kishindo. Mauntingi iliyokatika pia huukuza mshtuko mdogo wa kawaida ukaonekana mkubwa.

Kama oili ni sahihi na mauntingi ni nzima, twende kwenye umeme, na hapo ndipo moyo wangu unapoegemea. Gia za gari lako huingizwa kwa shinikizo la oili, na shinikizo hilo huongozwa na vali za umeme ziitwazo solenoidi, zinazoamriwa na kompyuta. Katika giaboksi nyingi, solenoidi ya shinikizo ikikosa umeme, shinikizo hupanda hadi juu kabisa. Zimetengenezwa hivyo makusudi ili klachi zisiteleze na kuungua. Kwa hiyo kishindo unachokisikia kinaweza kuwa ni giaboksi inayojilinda.

Fundi umeme achomoe soketi kubwa ya giaboksi na kuangalia pini zake. Hewa ya bahari ya Tanga ina chumvi na unyevu, na wengi wetu huosha injini kwa maji ya mpira yenye nguvu. Kutu ya kijani kwenye pini moja inatosha kukuletea kila ulichoandika. Apime pia ukinzani wa solenoidi, yaani jinsi zinavyozuia umeme kupita. Katika giaboksi nyingi za Toyota, solenoidi za kubadili gia husoma ohm 11 hadi 15 zikiwa katika nyuzi joto 20 hivi, na ile ya shinikizo husoma ohm 5 na kitu. Sisitiza kwamba vipimo vichukuliwe mara mbili, gari likiwa baridi na likiwa moto, kwa sababu waya wenye ufa hushikana ukiwa baridi na kuachana ukipata moto. Shaba nzima nayo huongeza ukinzani kwa karibu robo kutoka nyuzi 20 hadi 80, basi asije akaihukumu solenoidi nzima kwa kuwa imesoma 16 ikiwa ya moto. Anachotafuta ni namba inayoruka ghafla au kupotea.

Kutowaka kwa taa kusikudanganye. Hitilafu isiyodumu huweza kuandikwa katika kompyuta bila kuwasha taa, kwa hiyo gari lisomwe kwa mashine siku ileile linaposhtuka, tena likitembea, ili zionekane joto la oili na kasi za sensa za giaboksi pale gia inapobadilika. Misimbo ya P0750 na inayoifuata huelekeza kwenye solenoidi, P0710 kwenye sensa ya joto, P0715 kwenye sensa ya kasi inayoingia giaboksi. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayaongei na vile visomeo vidogo vya bei rahisi. Kisomeo kikigoma, tafuta mwenye mashine kubwa.

Injini pia isisahauliwe, kwani kompyuta huamua shinikizo kwa kuangalia mzigo wa injini. Sensa ya hewa iliyochafuka au throto (mlango wa hewa ya injini) yenye masizi huipa kompyuta habari za uongo, na injini inayomisi, yaani isiyowaka sawasawa, kwa sababu ya koili au plagi humfanya dereva aapie kwamba ni gia. Mara chache kompyuta yenyewe huwa mgonjwa: katika baadhi ya Toyota RAV4 za 2001 hadi 2003, gia kuingia kwa kishindo kulitokana na kompyuta, na huko Marekani mtengenezaji aliongeza muda wa dhamana kwa ajili hiyo. Ukinunua giaboksi ya mtumba huku kompyuta, nyaya, sensa na mauntingi ni zilezile, unaweza kulipa pesa nyingi na kurudi Chumbageni na mshtuko wako.

Hadi utakapopima, gari unaweza kulitumia mjini kwa upole. Likianza kuteleza, au kunuka kuungua, liegeshe. Safari ya Lushoto isubiri. Na siku utakapopanda tena, usiliache katika D likibadili gia huku na huku kwenye kona zile. Weka 2, kwa sababu kubadili gia mfululizo kwenye mlima huchemsha oili, na yawezekana joto la siku ile ndilo lililoanika udhaifu uliokuwepo tangu zamani.

Swali

Kaka, naishi Pangani, naegesha gari la otomatiki kwenye mteremko mbele ya nyumba. Kila asubuhi nikitoa P husikia mlio wa "ka!" na gari hushtuka. Mchana nikiwa njiani hakuna tatizo. Je, nami nina ugonjwa wa solenoidi?

Jibu

La, dada yangu. Ndani ya giaboksi, P ni kijino kimoja cha chuma kinachozuia gia isizunguke. Wewe unaweka P, unaachia breki, gari linateremka kidogo na uzito wake wote unaning'inia kwenye kijino hicho usiku kucha. Asubuhi unakichomoa kwa nguvu, ndipo kinapolia. Kuanzia leo, ukisimama, endelea kukanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu ili gari lilalie breki ya mkono, kisha kanyaga tena na uweke P. Asubuhi kanyaga breki, toa P, halafu ndipo uachie breki ya mkono. Mlio ukiendelea hata katika uwanja tambarare, niandikie tena.

Swali

Gari langu ni la CVT, niko Mikanjuni. Linatetemeka likianza kuondoka. Fundi anataka kulitia oili nyekundu ya otomatiki ya kawaida. Nikubali?

Jibu

Usikubali. CVT haina gia za hatua. Ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda huo ushike bila kuteleza. Oili ya otomatiki ya kawaida inaweza kuuharibu mkanda na puli zake kwa muda mfupi. Muulize fundi aina iliyoandikwa katika kitabu cha gari lako, na mauntingi na plagi zikaguliwe kabla ya kumwaga chochote. Kama oili hiyo nyekundu imekwisha kutiwa, usiwashe gari. Livutwe hadi kwa fundi mwingine, magurudumu yanayoendesha yakiwa yameinuliwa juu.