Kabla hujakata tiketi ya boti, uliza upepo

Safari yangu ya kwanza ya Unguja nilikata tiketi ya daraja la juu kabisa: ghorofani, mbele, viti vinono na kiyoyozi. Ilikuwa Julai. Kwenda, nililala usingizi mpaka bandari ya Malindi, pale Unguja mjini, nikajiona mjanja. Siku tatu baadaye, wakati wa kurudi Dar, hata mnara wa taa wa Chumbe haujapotea machoni nilikuwa nimeinamia mfuko, na mhudumu anapita na mingine mkononi kama anayegawa karanga.

Mama mmoja wa Kipemba aliyekaa jirani yangu alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, huku juu hakukaliki na kusi hili. Shuka chini, kaa nyuma, katikati." Akafungua ncha ya kanga yake, akanipa kipande cha tangawizi mbichi. Nilishuka nikijishika kuta. Kule chini, daraja la kawaida, watu walikuwa wanakula maandazi!

Boti ikikutana na wimbi, pua yake ndiyo inayopanda na kushuka, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyoyumbishwa zaidi. Kwa hiyo pesa ya ziada niliyolipa ilininunulia kiti kibaya kuliko vyote. Siku bahari ikiwa shwari, kaa unapotaka.

Sasa hilo la kwenda salama na kurudi hoi nalo lina sababu yake. Kutoka Dar kwenda Unguja unaelekea kaskazini, na kusi linavuma kutoka kusini, kwa hiyo mawimbi yanakusukuma mgongoni. Ukirudi unapigana nayo uso kwa uso. Kaskazi likiingia, kati ya Desemba na Machi hivi, mambo hugeuka. Mimi, nikiwa na hiari ya tarehe, nasafiri wakati wa tangambili, upepo unapobadilishana zamu, tena kwa boti ya asubuhi, maana mchana upepo aghalabu huongezeka.

Tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa nalo lisome. Wakitaja upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili, na safari yako si ya msiba wala hospitali, ahirisha. Kwa wanaokwenda Pemba nasisitiza zaidi, kwa sababu ukishapita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, hakuna kisiwa cha kukukinga na mkondo wa pale hauna mzaha. Ndiko ilikozama MV Spice Islander I usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake. Mwaka uliofuata, 18 Julai, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, kusi likiwa kali. Ndiyo maana nikiona chombo kimejaa mpaka watu wamekalia mizigo kwenye ngazi, nashuka, tiketi ipotee. Na nikishakaa, cha kwanza natafuta jaketi okozi liko wapi.

Kuahirishwa kwa safari usikuchukulie kama tusi. Kilichonikera mimi ni kutoambiwa. Kampuni moja ilifuta boti ya Mkoani, Pemba, na sisi tukaarifiwa na mchukuzi wa mizigo, baada ya kukaa juani kwa muda wa saa mbili. Tangu hapo napita ofisini kwao jioni ya kuamkia safari, na sipangi kupanda ndege siku ileile ninayovuka.

Tiketi kata dirishani, ukiwa na kitambulisho, uhakikishe jina lililoandikwa ni lako. Wale vijana wanaokudaka pale Barabara ya Sokoine kabla hujashuka kwenye bajaji, wape salamu tu upite. Na tangawizi ya safari ya kurudi kanunue soko la Darajani, Unguja, siku moja kabla. Bandarini utauziwa ile ya kopo yenye sukari, na hiyo hutadumu nayo hata nusu saa.